MCHE UHESABIWE BAADA YA KIANGAZI
Elimu ya mazingira katika shule za sekondari na wajibu wa vyama vya msingi

Katibu wa chama cha msingi anapopokea barua ya mkuu wa shule ya sekondari inayoomba mchango wa miche, viriba au gharama za siku ya kupanda miti, kwa kawaida huitia barua hiyo katika jalada na kuifikisha kwenye kikao cha bodi. Bodi nayo aghalabu hujadili jambo moja tu: fedha ipo au haipo. Ikiwapo, mchango hutolewa, mashimo huchimbwa, wageni hupanda mche mmoja mmoja, picha hupigwa, na jalada hufungwa. Mwezi wa Oktoba ukifika, baada ya miezi ya jua, moto na mbuzi, ni nadra mtu kurudi kutazama ni miche mingapi iliyo hai. Katika hesabu za chama fungu hilo limetumika. Katika ardhi halionekani.

Hasara hiyo ni ya namna mbili. Kwanza, fedha iliyotolewa ni ya wanachama. Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi, mwanafunzi aliyepanda mti ukafa bila ya yeyote kuuliza amefundishwa somo baya: kwamba kupanda miti ni shughuli ya siku moja. Makala haya yanaeleza jinsi chama cha msingi kinavyoweza kushirikiana na shule ya sekondari iliyo katika eneo lake ili elimu ya mazingira iwe kazi yenye matokeo yanayohesabika, hususan katika Wilaya ya Tunduru, ambako takriban kila mwanafunzi hutoka katika nyumba yenye shamba la korosho, mpunga au mahindi.

ILIKOTOKA ELIMU HII

Shughuli za mazingira kwa vijana wa sekondari si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya vilabu vya wanyamapori vilianza mwaka 1968, tena kwa juhudi za wanafunzi wenyewe wa shule za sekondari. Hapa Tanzania vilabu vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980, mwaka ambao pia redio ilitangaza kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Misitu ni Mali. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe wa Gombe, Jane Goodall, na kutoka katika mkutano huo kikazaliwa chama cha vijana cha Roots & Shoots, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi za dunia. Goodall alifariki dunia mwezi Oktoba 2025. Kazi iliyoanzia katika baraza la nyumba yake haikuhitaji jengo wala ruzuku kubwa. Ilihitaji vijana waliokuwa na swali kuhusu mahali wanapoishi.

Kabla ya hayo yote palikuwapo Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967. Siasa hiyo ilitaka shule iwe na shamba, na mwanafunzi ajifunze kwa kulitunza na kuona faida na hasara ya maamuzi yake. Shabaha ilikuwa njema. Lakini wazee wengi waliosoma katika miaka iliyofuata wanajua lililotokea katika shule nyingi: shamba la shule likawa mahali pa kuwapeleka waliochelewa kengele. Kijana aliyemwagilia miti kwa sababu ya utoro hawezi kuupenda mti. Chama kinachotoa mchango kina haki ya kuiomba shule jambo moja bila kuingilia uongozi wake, nalo ni kwamba kazi ya kitalu isiwe adhabu.

Upande wa ushirika nao haukosi msingi. Tamko la Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika, lililopitishwa Manchester mwaka 1995, linataja misingi saba ya ushirika. Msingi wa tano ni elimu, mafunzo na habari. Nao unataka umma, hasa vijana, wafahamishwe asili na manufaa ya ushirika. Msingi wa saba ni kuijali jamii. Makatibu wengi huutaja huu wa saba peke yake wanapoandika muhtasari wa kuidhinisha mchango wa shule. Ni afadhali kuutaja na wa tano, kwa maana kijana aliye kidato cha pili leo ndiye mwanachama atakayepima korosho zake ghalani miaka michache ijayo, na kitalu kinachoendeshwa kwa daftari, zamu na mgawanyo wa haki ni darasa la ushirika kabla hajalipa kiingilio.

KULIPIA KILICHO HAI

Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha nchini Kenya harakati za kupanda miti zilizojulikana kama Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini waliotesha miche na kuipanda, na walilipwa malipo madogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Utaratibu huo mdogo wa hesabu ulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa uliigeuza kazi kutoka kupanda kuwa kutunza. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Chama cha msingi kinaweza kufuata njia hiyo hiyo bila ya ugumu wowote. Tuseme, kwa mfano tu, mkutano mkuu umeidhinisha shilingi 450,000 kwa ajili ya miche 500 ya shule. Badala ya kutoa fedha zote siku ya sherehe, chama kitoe shilingi 150,000 mwezi Septemba kwa ajili ya viriba, mbegu, samadi na makopo ya kumwagilia. Shilingi 300,000 zilizobaki zigawanywe kwa miche 500, yaani shilingi 600 kwa kila mche utakaokutwa hai mwishoni mwa Oktoba ya mwaka unaofuata. Miche 400 ikiwa hai, shule itapokea shilingi 240,000. Ikiwa hai ni 120 tu, itapokea shilingi 72,000, na shilingi 228,000 zitabaki katika fungu hilo na kuelezwa kwenye mkutano mkuu. Hakuna atakayegombana na hesabu hiyo, maadamu iliandikwa na kusainiwa kabla ya mbegu ya kwanza kutiwa katika kiriba.

Yafaa kuhesabu kufanywe na pande tatu: wanafunzi wa klabu pamoja na mwalimu wao mlezi, wajumbe wawili wa bodi, na wanachama wawili wasio viongozi ambao hawana mtoto katika shule hiyo. Kila mche uwe na namba katika daftari: aina yake, tarehe ya kupandwa, jina la mwanafunzi anayeutunza, na nafasi ya kuandika hali yake mara tatu kwa mwaka. Mche uliokufa usifutwe. Uandikwe sababu ya kifo chake: mchwa, mbuzi, moto, ukame, au haijulikani. Baada ya misimu miwili safu hiyo ya sababu itamfundisha mwanafunzi mengi kuliko vitabu, na itaiambia bodi kama fedha ya mwaka wa tatu iende kwenye viriba au kwenye uzio.

Kuna bodi zitakazoona kwamba utaratibu huu ni wa kuibana shule. La hasha. Mzigo wake mzito u juu ya chama, kwa kuwa chama nacho kinalazimika kufika shuleni Oktoba, wakati wa pilikapilika za kufungua msimu wa korosho, wakati ambao katibu hana nafasi hata ya kunywa chai. Asiyeweza kutenga siku moja ya kuhesabu asiahidi.

KALENDA YA MCHE NA KALENDA YA SHULE

Sababu kubwa ya vifo vya miche ya shule ni kalenda. Tunduru hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mwaka wa shule nao huanza Januari, una likizo ndefu katikati ya mwaka kuanzia Juni, na nyingine Desemba. Ukiziweka kalenda hizi mbili pamoja, utaona kwamba mvua za kupandia huanza wakati shule inafungwa, na kiangazi hushika wakati wanafunzi wamerudi makwao tena.

Hivyo basi, miti ya kuni na ya kivuli, kama mijohoro, ioteshwe Septemba. Mikorosho haihitaji kukaa kitaluni muda mrefu, na mzizi wake mkuu hauvumilii kusumbuliwa. Mbegu zake zitiwe katika viriba kati ya Novemba, baada ya kujaribiwa ndani ya maji: inayozama huchukuliwa, inayoelea huachwa. Wakati wa likizo ya Desemba pawepo orodha ya wanafunzi wanaokaa karibu na shule, kila mmoja na siku zake za zamu, na nakala ya orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya chama. Kupanda kufanyike Januari shule inapofunguliwa, katika mashimo yaliyochimbwa Novemba. Mikorosho ipandwe kwa nafasi ya meta 12 kwa 12, ambayo hutoa takriban miche 28 katika eka moja. Shule nyingi hupanda kwa kubana ili mistari ipendeze machoni, na baada ya miaka kumi matawi hushikana na mavuno hupungua.

Watunzaji wachaguliwe kutoka vidato vya kwanza hadi vya tatu. Kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba na kuondoka; mti aliokabidhiwa huwa yatima. Shule zenye kidato cha tano hupata wanafunzi wapya Julai, nao huja katika kipindi ambacho mikono inahitajika mno.

Maana kipindi hicho ndicho cha moto. Kuanzia Juni majani yamekauka, na moto kichaa unaowashwa na mwindaji wa ndezi au na mkulima anayesafisha shamba la mpunga huweza kumaliza kazi ya mwaka mzima katika alasiri moja. Kabla ya likizo ya Juni klabu ifyeke na kusafisha njia ya moto kuzunguka eneo lote la miti, na kila mche upaliliwe kisahani. Matandazo yawekwe mbali kidogo na shina, ama sivyo mchwa watayatumia kama daraja.

Wanachama wenye umri wanajua kwa macho yao maana ya miti iliyokosa mtunzaji. Mwaka wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Mwaka wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei ndogo kwa mkulima, ugonjwa wa ubwiriunga, na mashamba yaliyobaki mbali baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji. Mikorosho mikubwa, iliyokwisha kuzaa, ilimezwa na pori na kuunguzwa. Ikiwa mti mzima hauwezi kujitunza, mche wa kiriba utawezaje?

MASOMO YALIYO NJE YA KITALU

Elimu ya mazingira si miti peke yake, na chama kina vifaa ambavyo shule haina. Mizani ni mojawapo. Baada ya msimu kufungwa, mizani ya ghalani hulala kwa miezi mingi. Wanafunzi walete kuni za jiko la shule ghalani (mizani yenyewe isitolewe, maana kuibeba huku na huko huiharibu) wazipime kila siku kwa juma moja. Jiko likiteketeza, mathalani, kilo 80 kwa siku, kwa siku 194 za masomo ni kilo 15,520, yaani zaidi ya tani kumi na tano na nusu za miti ya miyombo kwa mwaka mmoja katika shule moja. Kisha jiko banifu lijengwe, kuni zipimwe tena, na tofauti iandikwe ukutani. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake hahitaji hotuba kuhusu ukataji wa misitu.

Salfa nayo ni somo. Unga huu umeiokoa mikorosho kutoka katika ubwiriunga, na hakuna anayependekeza uachwe. Lakini salfa inayoanguka ardhini hugeuzwa polepole na bakteria wa udongo kuwa asidi. Klabu inaweza kuchukua udongo chini ya mkorosho unaopuliziwa miaka mingi, na mwingine hatua thelathini nje ya shamba, ikauchanganya na maji safi na kuupima kwa karatasi za maabara au hata kwa maji ya maua ya choya, ambayo hugeuka mekundu zaidi penye asidi. Matokeo yapelekwe kwa ofisa ugani, naye ashauri. Kadhalika wanafunzi wahesabu viota vya maji moto juu ya mikorosho. Mwanachama aliyewahi kuumwa na wadudu hao wakati wa kuvuna hahitaji kufundishwa ukali wao, lakini wao humla na kumfukuza mbu wa mikorosho, na anayewachoma moto anawachoma walinzi wake asiowalipa mshahara.

Somo gumu kuliko yote ni la kamba ya meta 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kamba ya meta 20 ikilazwa mara tatu kutoka ukingo wa kijito inaonyesha mpaka huo wazi kabisa. Tunduru inajua kwa nini mpaka huo una maana: tangu mwaka 1994, vito vilipovuta maelfu ya wachimbaji wilayani, mchanga wa Mto Muhuwesi na vijito vyake ulichimbuliwa na kuchekechwa, na mashimo yakaachwa wazi.

Shida ni kwamba kamba hiyo haitaishia kwenye mashimo ya wachimbaji. Itapita katika bustani za mboga na majaruba ya mpunga ya wanachama wenyewe, wazazi wa wanafunzi wanaoishika. Mtoto atarudi nyumbani na kumwambia baba yake kwamba shamba linalomlisha liko mahali pasiporuhusiwa. Chama kisichojiandaa kwa jambo hili kitajikuta kikilaumiwa kwamba kimewafanya watoto kuwa askari. Kwa hiyo bodi ilizungumze kwanza katika mkutano wa wanachama na mbele ya serikali ya kijiji. Ikubalike wazi kwamba wanafunzi hupima na kuchora ramani ya ukingo, hawaandiki majina ya wenye mashamba, na ramani hubaki shuleni na kijijini. Kisha ramani itumike kuamua ni wapi paanze kupandwa miti ya kushika ukingo, na ni wapi mkulima apewe muda na eneo jingine. Pasipo makubaliano hayo ni bora somo lingoje. Lakini lisingoje milele, kwa maana kijito kikikauka Septemba, bustani iliyo ndani ya meta 60 na iliyo nje hukauka pamoja.

Kuhusu tembo, maneno machache yatatosha. Wilaya iko katika ushoroba unaoiunganisha Selous na Hifadhi ya Niassa ng'ambo ya Mto Ruvuma, na maeneo ya Nalika na Chingoli ni jumuiya za hifadhi zinazomilikiwa na vijiji. Ujangili ulipunguza tembo wa ukanda wa Selous kutoka takriban 39,000 mwaka 2009 hadi takriban 13,000 mwaka 2013. Takwimu hiyo humsikitisha msomaji wa mjini. Mwanachama aliyepoteza eka mbili za mahindi kwa usiku mmoja huisikia kwa namna nyingine, na mwalimu anayefundisha uhifadhi bila kukiri hasara hiyo hatasikilizwa. Klabu iwafundishe wanafunzi kupima eneo lililoharibiwa na kuandika tarehe, zao na mwelekeo wa nyayo, ili taarifa ya mkulima kwa serikali ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori iwe na vipimo vinavyosaidia madai ya kifuta jasho. Pia wajaribu kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, au mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya kuzunguka shamba dogo. Utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha kwamba tembo huikimbia sauti ya nyuki.

FUNGU LITOKE WAPI

Kuna mwiko mmoja usiovunjwa. Mchango wa shule usikatwe katika malipo ya wakulima kwa uamuzi wa katibu au wa mwenyekiti, hata kama shabaha ni njema na hata kama kiasi ni shilingi kumi kwa kilo. Fungu liandikwe katika makisio ya mapato na matumizi, lisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu, lijadiliwe na kupigiwa kura, na muhtasari wake uambatane na makisio yanayopelekwa kwa Mrajis. Hati ya malipo ya kwanza iambatane na makubaliano kati ya chama na shule, na hati ya pili iambatane na karatasi ya kuhesabu yenye saini za pande tatu. Makubaliano yaseme pia miti hiyo ni ya nani ikishakua: nani atavuna korosho, nani atakata kuni, na fedha itaingia katika akaunti ipi. Miti isiyo na mwenyewe katika maandishi huja kuwa na wenyewe wengi siku ya mavuno.

Shule inayotaka kuotesha Septemba inapaswa kufikisha barua yake kwa katibu kabla ya mkutano mkuu unaopitisha makisio. Katibu naye asiingoje. Aende shuleni mapema, amwone mwalimu mlezi wa klabu, na watembee pamoja hadi mahali panapokusudiwa kuwa kitalu, waone maji yako umbali gani na mbuzi hupitia upande upi.